Dhiki Peke Yake Haimkomazi Mkristo

Hapa Uvira tumezoea kuhubiriwa kwamba majaribu humkomaza Mkristo. Ni kweli, lakini ni nusu ya mafundisho. Dhiki hiyo hiyo inayomfundisha mmoja upole humwachia mwingine uchungu na kiu ya kisasi. Kinachowatofautisha ni nini?

Katika sura ya 5 ya Waraka kwa Warumi, Paulo anaonyesha safari ya mwamini: katika dhiki anajifunza saburi, kwa saburi moyo wake unathibitika, na humo tumaini linakua. Wengi huanzia hapo. Lakini aya za kwanza za sura hiyo zinataja kwanza amani na Mungu, na neema ambayo waamini wamekwisha kusimama ndani yake. Mtu wa Paulo anaingia kwenye dhiki akiwa na pa kusimama.

Petro naye anataja dhahabu inayopimwa kwa moto. Wachimbaji wa Misisi, kule Fizi, wanaelewa upesi: dhahabu ikiyeyushwa, takataka hujitenga nayo, lakini mawe matupu hata uyachome siku nzima hayatoi kitu. Moto hutenga kilichokuwamo.

Tunayaona haya katika historia ya mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika. Wakati wa uasi wa Simba, wamisionari wa Kisaveri wa Baraka na Fizi waliishi miezi kadhaa chini ya waasi. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka, Bruda Vittorio Faccin alipigwa risasi. Padri Luigi Carrara, mwenye umri wa miaka 31, alikuwa kanisani akiungamisha waamini. Alitoka, akapiga magoti kando ya mwili wa mwenzake, akauawa hapo hapo. Siku hiyo hiyo, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert, aliyezaliwa mwaka 1908 kwenye mwambao wa kusini wa ziwa hili hili, baba yake Mfaransa na mama yake Mkongomani. Wote wanne walitangazwa wenye heri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024, katika ibada iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo.

Tuangalie alichokuwa akifanya Carrara kabla ya kutoka kanisani. Alikuwa kwenye kazi yake ya kila siku. Kupiga magoti kulichukua muda mfupi. Moyo uliomwezesha ulikuwa umelelewa miaka mingi kwa sala, kwa utii na kwa kuishi na ndugu. Risasi hazikumpa moyo huo. Zilitufunulia tu.

Wapo pia waliobaki hai. Tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera, katika milima iliyo juu ya bonde la Rusizi, ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, na wauguzi pia. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, ndiye aliyekuwa akiiongoza. Baadaye alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, inayowatibu wanawake waliobakwa, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hata hivyo, wema wa Panzi haufuti uovu wa Lemera. Mungu anaweza kuokoa kitu katika uovu bila uovu huo kugeuka kuwa mapenzi yake.

Ndiyo maana nawasihi wahubiri wenzangu. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, familia nyingi zilipoteza watu na nyumba. Mama aliyezika mtoto hastahili kuambiwa kwamba Mungu alileta maji ili amnyooshe. Yakobo, anayesifu saburi katika majaribu, anakana katika sura hiyo hiyo kwamba Mungu humshawishi mtu kwa uovu. Rafiki za Ayubu nao walifanya vema siku saba walizokaa naye chini kimya. Walikosea walipoanza kumweleza sababu ya mateso yake.

Kwa hiyo tuanze na ugali, ndagala na turubai. Tukae na mama huyo, tusali naye, tumrudishe kwenye kwaya na kwenye kikundi cha akina mama, kwa sababu saburi hukua pale mtu anapobebwa na wenzake. Kama siku moja ataona kwamba dhiki ilimkomaza, ushuhuda huo ni wake kuutoa. Sisi tusimtangulie.