Fahamu: Je, Edmonton Oilers walikosea kumtimua Peter Chiarelli?

Januari 2019, klabu ya hoki ya barafuni ya Edmonton Oilers, nchini Kanada, ilimfukuza kazi meneja mkuu wake, Peter Chiarelli. Alistahili kufukuzwa, tena walichelewa.

Katika ligi ya NHL, meneja mkuu ndiye anayesajili, kuuza na kupanga mishahara ya wachezaji. Mishahara ina ukomo: msimu ule, dola milioni 79.5 kwa timu nzima. Ukimlipa mmoja kupita kiasi, unamnyima mwingine.

Chiarelli alikuja mwaka 2015 na sifa ya ubingwa alioupata akiwa Boston mwaka 2011. Mwaka huohuo Oilers wakampata Connor McDavid, kipaji cha nadra mno. Kilichofuata kinauma. Mwaka 2016 Chiarelli alimtoa mshambuliaji Taylor Hall kwenda New Jersey, akapokea beki Adam Larsson badala yake, mtu kwa mtu, bila nyongeza. Miaka miwili baadaye Hall akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Mshambuliaji Milan Lucic akapewa mkataba wa miaka saba kwa dola milioni 42, kisha mabao yakakauka.

Tumtendee haki: mkataba wa mshambuliaji Leon Draisaitl, uliolalamikiwa mwaka 2017, ulikuja kuwa wa bei poa sana.

Lakini siku chache tu kabla ya kumfukuza, klabu ilimwacha amwongezee kipa Mikko Koskinen mkataba wa miaka mitatu. Hapo lawama ni ya mabosi wake pia.