Kuhifadhi Bustani Iliyo Hai: Mfano wa Mji wa Recife

Jengo la mawe likijengwa vyema huweza kusimama mamia ya miaka, na jiwe lililowekwa na mwashi siku ya kwanza likabaki mahali pake. Hali ya bustani ni tofauti kabisa. Kila kilicho hai ndani yake huota, hukua, huzaa, huzeeka na hatimaye hufa. Mche uliopandwa ukiwa na kimo cha goti, baada ya miaka hamsini huwa mti mkubwa unaofunika kwa kivuli mimea ambayo mpandaji alikusudia ipate jua. Kwa sababu hiyo wataalamu wa hifadhi hukabiliwa na swali gumu: ikiwa mimea mingi iliyopandwa na mbunifu wa bustani imekwisha kufa, ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa bustani za umma za mtindo wa kisasa zilizobuniwa katika karne ya 20. Kasri la kale hutambuliwa na kila mtu kuwa ni urithi. Bustani ya mjini, ambamo watu hupita kila siku wakienda kazini, huonekana kuwa ni mahali pa kawaida tu, na hubadilishwa kidogo kidogo bila mtu kutambua kwamba kuna kitu kinachopotea. Mji wa Recife nchini Brazili unatoa mfano mzuri wa jinsi bustani ya namna hiyo inavyobuniwa, inavyoharibika, na inavyoweza kurejeshwa.

MBUNIFU NA MJI WAKE

Recife ni bandari iliyoko kaskazini-mashariki mwa Brazili, na ni makao makuu ya jimbo la Pernambuco. Mwaka 1934 kazi ya kusimamia bustani za umma za mji huo alipewa kijana aliyeitwa Roberto Burle Marx, naye akaishika hadi mwaka 1937. Alizaliwa mjini São Paulo mwaka 1909, baba yake akiwa Mjerumani na mama yake akiwa na asili ya Pernambuco. Alisomea uchoraji, na aliendelea kuchora maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 1994.

Kati ya mwaka 1928 na 1929 Burle Marx aliishi Berlin. Huko alizuru bustani ya mimea ya Dahlem, na ndani ya nyumba zake za vioo akaona mimea ya Brazili ikitunzwa kwa uangalifu mkubwa. Jambo hilo lilimshangaza, kwani katika miji ya kwao bustani nyingi ziliiga zile za Ulaya, na mimea ya kienyeji ilihesabiwa kuwa ni magugu ya porini.

Bustani zake zikafuata kanuni nyingine. Mimea ya nchi ilipewa nafasi ya kwanza. Spishi zilizozoea kuota pamoja katika mazingira yao ya asili ziliwekwa pamoja. Umbo la shina, rangi ya jani na kivuli cha mti vilipangwa kama mchoraji apangavyo rangi zake, na mapambo yasiyo na kazi yakaachwa. Hizo ndizo alama zinazoifanya bustani kuitwa ya mtindo wa kisasa.

CAATINGA NDANI YA MJI

Mwaka 1935 Burle Marx alibuni katika mtaa wa Madalena bustani iitwayo Praça Euclides da Cunha. Jina hilo ni la mwandishi wa Brazili aliyechapisha mwaka 1902 kitabu mashuhuri kuhusu nchi kavu ya bara ya kaskazini-mashariki, watu wake, na vita vya Canudos vilivyopiganwa huko mwaka 1896 na 1897. Nchi hiyo kavu imefunikwa na uoto uitwao caatinga, ambao umeenea katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 800,000. Neno hilo limetokana na lugha ya Kitupi, na maana yake ni msitu mweupe. Msitu huo umeitwa hivyo kwa kuwa wakati wa kiangazi miti hupukutisha majani, na mashina yake yenye rangi hafifu hubaki wazi.

Burle Marx aliuleta uoto huo mjini. Katikati ya bustani aliweka madungusi kati ya mawe, na kandokando yake akapanda miti iwe kama ukuta wa kijani unaoitenga bustani na barabara. Miongoni mwa madungusi hayo ni lile liitwalo mandacaru, lenye shina kubwa lililogawanyika matawi yanayoelekea juu. Maua yake meupe huchanua usiku, na huchavushwa na nondo.

Wako waliomlaumu mbunifu kwamba anataka kuurudisha mji porini. Kwa mkazi wa Recife wa wakati ule, dungusi lilikuwa ishara ya ukame na umaskini wa bara. Burle Marx alijitetea kwa kuandika magazetini, akieleza kwamba bustani ya umma ina kazi ya kumfundisha mwananchi kuitambua na kuipenda mimea ya nchi yake. Maandishi hayo, kama itakavyoonekana, yalikuja kuwa na manufaa ambayo yeye mwenyewe hakuyatazamia.

DUNGUSI LINAVYOISHI

Ili kuelewa ugumu wa kuitunza bustani hiyo, hapana budi kwanza kuelewa maisha ya dungusi. Mimea mingi hufungua mchana vitundu vidogo vya majani yake, viitwavyo stomata, ili kupokea hewa ya kaboni dayoksaidi. Vitundu hivyo vikiwa wazi, maji pia hupotea. Dungusi hutumia njia nyingine. Mchana, wakati wa joto kali, hufunga stomata zake. Usiku, hewa inapopoa, huzifungua, hupokea kaboni dayoksaidi, na kuihifadhi katika umbo la asidi ndani ya seli. Jua linapochomoza, asidi hiyo huvunjwa, na kaboni dayoksaidi inayotoka humo hutumiwa kutengeneza chakula. Majani yamegeuka kuwa miiba, na shina la kijani ndilo linalofanya kazi ya majani na kuhifadhi maji.

Wanafunzi wa Afrika Mashariki huenda wakadhani kwamba mimea kama hiyo ni ya asili ya kwao, kwa kuwa porini kwetu iko mimea yenye mashina manene ya kijani na miiba inayofanana nayo. Mingi kati ya hiyo ni ya jamii ya mnyaa. Karibu madungusi yote yana asili ya Amerika. Jamii hizi mbili hazina udugu wa karibu, bali zimefanana kwa kuwa zote zilikabiliwa na ukame kwa muda mrefu. Mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na aghalabu dungusi halitoi utomvu wa namna hiyo.

Sasa ugumu wenyewe unaonekana. Sehemu kubwa ya nchi ya caatinga hupata mvua isiyofikia milimita 800 kwa mwaka, lakini Recife, iliyo pwani, hupata zaidi ya milimita 2,000. Udongo ukituama maji, hewa huondoka katika nafasi zilizo kati ya chembe za udongo, mizizi hukosa oksijeni, na kuvu huingia na kuiozesha. Kwa hiyo mawe na mwinuko wa udongo katika bustani ya madungusi vina kazi mbili: huonyesha sura ya nchi kavu, na pia husaidia maji ya mvua kupita upesi. Mtu anayesawazisha udongo huo na kupanda nyasi juu yake, hata akiliacha kila dungusi mahali pake, huenda akawa ameyahukumu kufa.

JINSI BUSTANI INAVYOPOTEA

Bustani ya umma hupotea kwa njia tatu. Ya kwanza ni kifo kisichofuatwa na upandaji sahihi. Mmea ukifa, mtunzaji huweka badala yake ule unaopatikana kwa urahisi katika kitalu. Ya pili ni kukua kwa miti. Kivuli huenea, na mimea ipendayo jua hudhoofu bila ya kuguswa na mkono wa mtu. Ya tatu ni nia njema. Uongozi mmoja huongeza tuta la maua, mwingine huongeza kibanda, wa tatu hupanua njia. Kila badiliko ni dogo, lakini jumla yake hufuta ubunifu wa kwanza.

Katika miongo iliyofuata, bustani ya Madalena ilipoteza madungusi yake mengi, na mimea isiyo ya caatinga ikaingizwa. Mahali palibaki na jina lake, na watu waliendelea kupumzika hapo, lakini fikra iliyoiunda bustani haikuonekana tena.

USHAHIDI KABLA YA JEMBE

Kazi ya kuirejesha ilikamilika mwaka 2004, kwa ushirikiano wa halmashauri ya mji na watafiti wa Maabara ya Mandhari ya Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Pernambuco. Walianza kwa kutafuta ushahidi. Ushahidi huo ulikuwa wa aina tatu: mchoro wa mbunifu, picha za zamani, na yale makala aliyoyaandika magazetini akieleza makusudi yake na mimea aliyoitaka.

Kila aina ya ushahidi ina nguvu yake na kasoro yake. Mchoro huonyesha kilichokusudiwa, wala hauthibitishi kwamba kilitekelezwa. Picha huonyesha kilichokuwapo, lakini kwa siku moja tu na kwa upande mmoja. Maandishi hutaja majina ya mimea, lakini jina la kienyeji huweza kuwa la spishi zaidi ya moja. Kwa hiyo mtafiti huvilinganisha vyote, kisha huvipima na hali ya bustani yenyewe: ni miti ipi iliyobaki, ina umri gani, na imesimama wapi.

Kanuni za kazi hii ziliwekwa katika Hati ya Florence, iliyotungwa mwaka 1981 na wataalamu wa kimataifa wa kumbukumbu za kihistoria na wa usanifu wa mandhari. Hati hiyo inaitambua bustani ya kihistoria kuwa ni kumbukumbu iliyo hai, yaani yenye vitu vinavyoweza kufa na kufanywa upya. Inaagiza pia kwamba urejeshaji usifanywe kabla ya utafiti wa kina, na kwamba mabadiliko ya vipindi mbalimbali yaheshimiwe.

Agizo hilo la mwisho huleta maamuzi magumu. Mathalan, mti ambao haukuwemo katika mchoro, lakini umekwisha kukua na wakazi wanaupenda, je, ukatwe? Ukiachwa, kivuli chake kitaua madungusi. Ukikatwa, watu watanyimwa kivuli katika mji wa joto. Sayansi inaweza kueleza matokeo ya kila uamuzi, lakini uamuzi wenyewe hufanywa pamoja na jamii inayoitumia bustani.

Liko pia suala la kupata mimea. Kung'oa madungusi porini ili kupamba mji ni kuhifadhi urithi mmoja kwa kuangamiza mwingine. Njia bora ni kuotesha kitaluni. Kipande cha dungusi hukatwa, huachwa siku kadhaa mpaka kidonda kikauke ili kuvu lisipenye, ndipo hupandwa katika mchanga. Mmea unaopatikana hivyo huwa na sifa zile zile za kurithi za mmea uliokatwa. Hata hivyo, kama mimea yote ni ya asili moja, ugonjwa mmoja huweza kuimaliza, na ndiyo sababu inafaa mingine ioteshwe kwa mbegu.

SHERIA NA MATUNZO

Mwaka 2015 taasisi ya urithi wa taifa ya Brazili iliziorodhesha bustani sita za Burle Marx mjini Recife kuwa urithi unaolindwa na sheria, ikiwemo ya Madalena. Nayo makazi yake ya nje ya kitovu cha Rio de Janeiro, aliyoyanunua mwaka 1949 na kuyakabidhi kwa taifa mwaka 1985, yana mkusanyo wa zaidi ya spishi 3,500 za mimea, na yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2021.

Lakini sheria haimwagilii mmea, wala haing'oi gugu. Jengo lililokarabatiwa huweza kukaa miaka kadhaa bila kuguswa. Bustani iliyorejeshwa huanza kubadilika siku ile ile ya kufunguliwa. Kwa hiyo mtunza bustani anayejua kwa nini kila mmea umewekwa mahali pake ni mhifadhi sawa na mtafiti mwenye michoro. Kinachohifadhiwa katika bustani ni mpango wake: spishi zipi, mahali gani, kwa uhusiano upi na mwanga, maji na watu. Mmea mmoja mmoja huweza kufa na kurithiwa na mwingine wa aina yake, mradi mpango unajulikana na yuko anayeutekeleza.

Jambo hili linaweza kujaribiwa katika shule yoyote yenye bustani au miti uwanjani. Wanafunzi wapime eneo na kuchora ramani yake kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 1. Waonyeshe kila mti, waandike jina lake la kienyeji na la kisayansi, wapime mzingo wa shina lake kwenye kimo cha kifua, na kuonyesha mipaka ya kivuli saa 6 mchana. Waulize wazee na wafanyakazi wa shule nani aliipanda miti hiyo, lini, na kwa nini. Ramani hiyo iwekwe tarehe, ihifadhiwe maktabani, na kazi irudiwe kila mwaka na darasa jipya. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na aina ya ushahidi ambao watafiti wa Recife walilazimika kuutafuta katika magazeti ya mwaka 1935.