Matone ya Jicho Baada ya Upasuaji: Kazi Bado Haijaisha

Sajini mmoja mstaafu tunayemfahamu, mlenga shabaha hodari wa zamani, alipasuliwa mtoto wa jicho. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, alisoma namba za gari lililosimama ng'ambo ya uwanja. Akapewa chupa ndogo ya dawa ya matone na kuagizwa aitumie wiki nne. Siku ya sita akaifungia kabatini, maana jicho halikuuma tena. Wiki ya tano mistari ya gazeti ilianza kupinda, na katikati ya kila neno pakatanda ukungu.

Ndugu askari, katika upasuaji huu daktari huondoa lenzi ya asili iliyofifia na kuweka ya bandia. Tundu lenyewe ni la milimita chache, lakini mwili hulihesabu kuwa jeraha. Hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huleta wekundu na uvimbe, na kuifanya mboni isinyae. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huanza matone kabla ya kisu. Mboni ikisinyaa kazi ikiendelea, daktari huwa kama mtu anayefagia chumba kupitia tundu la ufunguo. Uvimbe wa hatari zaidi hauonekani kwenye kioo. Maji hujikusanya nyuma ya jicho, katikati ya retina, mara nyingi wiki ya 4 hadi ya 6. Hayo ndiyo yaliyomfika sajini wetu.

Wanajeshi wana sehemu yao katika historia ya tiba hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Daktari Harold Ridley aliona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wa Uingereza vilikaa humo bila kuleta ghasia kubwa. Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa wake wa mwanzo walipata uvimbe mkali. Lenzi peke yake haikutosha.

Leo matone ni ya namna mbili. Yapo ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni. Na yapo yasiyo ya steroidi, kama ketorolaki na diklofenaki, ile ile ambayo wengi wetu tumeimeza kwa maumivu ya magoti. Steroidi huweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya hadi mshipa wa kuonea ukafa. Basi kuazimana chupa bwenini kwa sababu jicho limekuwa jekundu ni upumbavu, tena wekundu ukitokana na vijidudu, dawa hiyo huweza kuvipa nguvu.

Nawa mikono. Vuta kope ya chini, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, kisha fumba. Kama kuna dawa ya pili, ngoja dakika tano.

Sajini alirudishiwa matone yake. Ilichukua miezi miwili mistari kunyooka, na siku hizi mkewe ndiye anayeitunza chupa.