Mti Husingiziwa, Gugu Huachwa

Mvua za mwezi wa Machi zinapoanza kunyesha mashariki mwa Uganda, bustani na kando za barabara za Jinja na Mbale hugeuka kijani kibichi. Majumbani nako huanza chafya. Mtoto hufikicha macho, mama huwashwa pua, na mwenye pumu hubanwa kifua usiku. Lawama huangukia mti wenye maua ulio karibu na dirisha, na shoka hutafutwa.

Kabla ya kuukata mti huo, yafaa kuifahamu chavua, yaani ule unga laini utokao katika sehemu ya kiume ya ua. Maua makubwa yenye rangi, kama yale ya mjakaranda na mkrismasi, huwategemea nyuki na viumbe wengine kuisafirisha chavua yao. Chavua hiyo ni nzito, hunata, wala hairuki mbali. Iletayo taabu zaidi ni chavua nyepesi ichukuliwayo na upepo, nayo hutoka katika mimea ambayo maua yake hayatazamwi na mtu: misaipresi, mivinje, na hata ukoka ulioachwa mpaka ukatoa masuke.

Kwa watu wengi chavua haina madhara. Mwili wa mwenye mzio, hata hivyo, huidhania kuwa ni adui, ukatoa kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo iletayo muwasho, machozi na makamasi mepesi. Hali hii hutofautiana na mafua ya kawaida: haina homa, hudumu kwa majuma mengi, na hurudi msimu ule ule kila mwaka. Dawa za malaria haziwezi kuiponya.

Mmea unaostahili kuogopwa kuliko yote hiyo ni gugu lijulikanalo Tanzania kwa jina la gugu karoti, ambalo wataalamu huliita partheniamu. Asili yake ni Amerika. Kenya lilionekana katika miaka ya 1970, Uganda likaripotiwa mwaka 2008, na Arusha mwaka 2010. Majani yake hufanana na ya karoti, na maua yake ni madogo, meupe. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000, nazo husafiri katika matope ya magurudumu na mchanga wa kujengea. Barabara kuu itokayo Malaba kwenda Kampala hupita Jinja, na ile ya Tororo hufika Mbale. Kwa hiyo miji hii miwili, iliyopandishwa hadhi kuwa majiji Julai 2020, imo katika njia ya gugu hilo.

Gugu karoti hudhuru kwa namna mbili. Kuligusa huweza kuleta vipele na ngozi kuwasha na kupasuka. Chavua yake huleta chafya na kuamsha pumu. Mara nyingi madhara hayaonekani siku ya kwanza. Mtu huweza kuling'oa kwa mikono mitupu misimu kadhaa bila kuona lolote, kisha mwili ukaanza kulikataa, na tangu hapo kila anapolikaribia huugua. Walio hatarini hasa ni wafagiaji wa barabara, wakulima, na watoto wa shule watumwao kupalilia viwanja.

Yafuatayo ni ya kuzingatia. Gugu ling'olewe pamoja na mzizi kabla halijachanua, wakati udongo ungali na unyevu. Avaaye glavu na mikono mirefu, na kufunika pua na mdomo, hujikinga. Kazi hii asipewe mtoto wala mwenye pumu. Lililokwisha kuchanua litiwe guniani ili mbegu zisimwagike, wala asilishwe ng'ombe, kwa kuwa maziwa yake huwa machungu. Ukoka ukatwe kabla ya kutoa masuke. Mwenye mzio aoge na kubadili nguo atokapo shambani au bustanini, na nguo zake zisianikwe karibu na majani yenye maua. Akibanwa kifua au kupumua kwa mlio, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Mti wa kivuli ubaki mahali pake. Jembe lianzie chini yake, penye magugu.