Wacha Chungu Kimwagilie Mboga Maji



Kila kiangazi tukitembelea vikundi tunakuta jambo lile lile. Kina mama wamerauka, wamechota maji kwenye mchanga wa mto na kuyabeba mgongoni. Jioni wanamwagia sukuma wiki. Kesho yake mchana udongo ni mkavu tena. Maji mengi yamechukuliwa na jua, sio mizizi.

Iko njia ya kupunguza hiyo hasara: kufukia chungu cha udongo katikati ya mboga.

Chungu hufanyaje kazi?

Sote tunajua kwamba chungu cha maji ya kunywa hutoa jasho. Kina vitundu vidogo visivyoonekana. Ukikifukia, udongo mkavu huvuta maji kidogo kidogo kupitia vitundu hivyo. Udongo ukishalowa, mvuto hupungua. Mambo haya si mageni: huko Uchina, kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi kilieleza njia hii miaka 2,000 hivi iliyopita.

Fanyeni hivi

1. Tafuta chungu cha lita 5 hivi, kisichopakwa rangi. Kilichopikiwa hakifai, kwa sababu mafuta yameziba vitundu.

2. Kijaribu. Kijaze maji usiku. Asubuhi kikiwa na unyevunyevu nje, ni kizuri. Maji yakichuruzika, kina ufa.

3. Chimba shimo kubwa kuliko chungu. Changanya udongo na samadi iliyooza, kisha fukia mpaka shingoni. Shindilia polepole ili udongo ushikane na chungu.

4. Jaza maji, halafu funika kwa kigae au jiwe bapa. Mbu wasipate pa kuzalia.

5. Panda miche 4 kukizunguka, shubiri moja hivi kutoka kwa chungu. Weka nyasi kavu juu ya udongo.

6. Chungulia kila baada ya siku mbili. Ongeza maji kabla hayajaisha.

Hesabu ni rahisi: jerikeni moja ya lita 20 hujaza vyungu 4, na vyungu 4 vinalisha miche 16.

Tulipokosea

Mara ya kwanza tulipofundisha njia hii, tulisahau jambo moja. Tuliwaambia kina mama wapande na kuachia chungu kazi yote. Miche ilikauka, kwa maana mizizi michanga ilikuwa haijafika penye unyevu. Walikuwa na haki ya kutukasirikia. Maji yale waliyabeba wao. Kwa hivyo, wiki ya kwanza mwagilia kila mche kwa mkono, kikombe kidogo tu.

Tena tusidanganyane. Njia hii haifai ekari ya mahindi. Inafaa bustani ya jikoni, kitalu, au mche wa mwembe. Hata ua lililo kwenye kopo kubwa pale mlangoni linaweza kufukiwa kichungu kidogo kando yake. Na maji yenye chumvi nyingi huziba vitundu upesi.

Mjadiliane mkutanoni

Ni nani hapa kwetu bado anafinyanga vyungu? Kikundi kinaweza kununua vingapi kwake? Anzeni na vyungu viwili tu. Kando yake pandeni miche 8 ya kumwagiliwa kama kawaida. Hesabuni maji mliyobeba kwa kila upande kwa mwezi mmoja. Halafu mwamue wenyewe.