Mtoto akiuliza: “Mama, mwezini kuna maji?”

Umeme ukikatika Nkuhungu usiku wa mbalamwezi, watoto hutoka uani. Mtoto aliyeshinda akisaidia kujaza ndoo na madumu siku ya mgawo hutazama juu na kuuliza: “Mama, na kule kuna maji?”

Wazazi wengi hujibu, “Hamna, nenda kalale.” Hata wanasayansi waliwahi kuamini kuwa mwezi ni mkavu kabisa. Leo jibu ni tofauti: maji yapo, na yanahama.

Mwaka 2009, vipimo vya chombo cha India, Chandrayaan-1, vilionyesha dalili za maji mwezini. Mwaka 2020, NASA ilitangaza kuwa darubini iliyofungwa ndani ya ndege ya SOFIA imeyaona katika bonde la Clavius, upande unaopigwa na jua. Si mengi: katika kila meta moja ya ujazo ya udongo, ni kama chupa moja ya soda.

Hata hivyo, usimweleze mtoto habari za mito. Mwezini hakuna hewa ya kuyazuia maji yasitawanyike, kwa hiyo hayatiririki. Molekuli, yaani chembe ndogo kabisa za maji, hunata kwenye vumbi. Mchana wa huko huchukua takribani wiki mbili, na adhuhuri joto hufikia nyuzi 120. Udongo ukipata moto, molekuli hubanduka, huruka kama panzi na kutua penye ubaridi, kisha hunata tena. Baadhi hupotelea angani. Nyingine, wanasayansi wanaamini, huruka hivyo hadi kwenye mashimo ya ncha za mwezi ambayo hayapati jua kamwe, na huko hubaki kama barafu. Mwaka 2009 NASA iligongesha kipande cha roketi katika shimo moja, Cabeus, na vumbi lililotimka lilikutwa na maji.

Mtoto wa Dodoma hatashindwa kuelewa. Kila siku anaona ndoo ikisogezwa kivulini, na anajua kuwa maji ya bomba hutoka kwenye visima vya Mzakwe, chini ya ardhi, mbali na jua.

Mwonyeshe pia kwa macho. Weka udongo wenye unyevu kwenye bakuli, funika kwa sahani ya kioo, kisha weka juani. Baada ya muda matone yatajitokeza chini ya kioo. Mweleze kuwa mwezini hakuna matone, ila kanuni inafanana: maji huondoka penye joto na kushika penye ubaridi.

Akiuliza usilolijua, mwambie, “Hilo tutalitafuta pamoja kesho.” Kisha kesho mlitafute kweli. Mtoto anayeambiwa “kalale” kila siku mwisho huacha kuuliza.