Sosurim: mufalme aliyefungua shule wakati inchi ilikuwa kwenye kilio



Wengi wetu tunajua Korea kupitia simu, magari na filamu zake. Leo turudi nyuma miaka zaidi ya 1,600, tuone mufalme mumoja ambaye hasikiki sana: Sosurim, mufalme wa 17 wa Goguryeo.

Goguryeo ilikuwa ufalme wa kaskazini, kwenye sehemu ambayo leo ni Korea ya Kaskazini na kaskazini-mashariki ya China. Kusini kulikuwa Baekje na Silla. Hizi falme tatu ziligombana kwa mamia ya miaka.

Baba yake Sosurim, mufalme Gogugwon, aliona mateso mingi. Mwaka 342, jeshi la ufalme wa Yan lilitoka magharibi, likaingia katika muji mukuu na kuchoma nyumba ya mufalme. Halikuishia hapo. Lilifukua kaburi la baba ya Gogugwon, likabeba maiti, likachukua mama ya mufalme na watu zaidi ya 50,000 kama mateka. Maiti ilirudishwa mwaka uliofuata, kisha Gogugwon kuinama na kutoa zawadi. Mama yeye alirudi mwaka 355 tu! Halafu mwaka 371 Baekje ikashambulia Pyongyang na askari 30,000. Mushale ukamupata Gogugwon, akafa.

Ndio namna Sosurim alirizi kiti: baba ameuawa, jeshi limechoka, wakubwa wa inchi wana hasira. Kila mutu angengoja aseme: twende kulipiza! Lakini angalia kazi alizofanya kwanza.

1. Mwaka 372 alipokea Sundo, mutawa wa dini ya Buddha aliyetumwa na Fu Jian, mufalme wa Qin. Hiyo Qin ndiyo ilikuwa imevunja Yan mwaka 370. Ni kusema, pamoja na dini, Sosurim alitengeneza urafiki na jirani mwenye nguvu, na upande wa magharibi ukatulia.

2. Mwaka huo huo wa 372 alifungua Taehak, shule kubwa ya serikali. Vijana walifundishwa vitabu vya Kichina vya maadili na uongozi. Inchi ilihitaji watu wenye kujua kuandika, kuhesabu kodi na kutuma barua za kifalme.

3. Mwaka 373 alitangaza sheria za inchi. Mbele ya hapo, nguvu nyingi ilikuwa mikononi mwa koo kubwa, kila moja na desturi yake. Sheria moja ilisaidia kuwafunga wote kwenye serikali moja.

Tuseme kweli: hakuwa malaika, na hakukaa bila kupigana. Kuanzia mwaka 375 alishambulia Baekje mara kadhaa, na mwaka 377 Baekje ilirudi tena mpaka Pyongyang. Mwaka 378 ukame ulileta njaa, na Wakhitan wakavamia vijiji vya kaskazini. Tena Taehak haikuwa ya watoto wote, ilikuwa ya watoto wa wakubwa. Mutoto wa mulimaji alibaki shambani.

Sosurim alikufa mwaka 384, bila mutoto wa kumurizi. Ndugu yake akatawala, kisha mwaka 391 akaingia mutoto wa huyo ndugu, kijana wa miaka kama 17: Gwanggaeto. Huyu ndiye anasifiwa mpaka leo. Mwaka 396 aliteka ngome 58 za Baekje, na mufalme wa Baekje akapiga magoti mbele yake. Hesabu mwenyewe: ni miaka 25 kisha kifo cha Gogugwon. Deni lililipwa, lakini Sosurim hakuliona likilipwa.

Je, shule peke yake ilileta ushindi? Hapana. Gwanggaeto alikuwa fundi wa vita, na kuvunjika kwa Yan kulisaidia pia. Lakini jeshi linalokwenda mbali linahitaji chakula, kodi, maandishi na amri moja inayosikiwa na wote. Hiyo haizaliwi siku ya vita.

Mwaka 414, mutoto wa Gwanggaeto alisimamisha jiwe la zaidi ya metre 6 kwa kukumbuka baba yake. Lingali limesimama Ji'an, China. Limeandikwa ngome na vijiji vilivyotekwa. Jina la Sosurim halimo.

Ndugu msomi, tunapenda kazi ambayo jina letu litaandikwa juu yake. Lakini kama ungejua kwamba matunda yataonekana kisha miaka 25, na mwingine ndiye atapigiwa makofi, ungeanza ile kazi leo?